Sentimita Mbili

Gari nililinunua likiwa limetumika Japani miaka saba,
na kila alfajiri nikiliwasha pale Umoja
mwanamke aliyemo ndani ya dashibodi hunisemesha Kijapani.
Sijui anasemaje. Namjibu, "Salama."

Kioo chake ni cheupe, kitupu:
hakuna Outering, hakuna Jogoo Road,
hata mto Nairobi hakuna.
Mshale mwekundu tu, katikati,
kama nzi juu ya maziwa.

Nikampelekea fundi Otenyo, Grogan, ang'oe yote.
Akafuta grisi kwa gazeti, akacheka.
"Usiulaumu mshale. Huo unajua ulipo.
Ramani ndiyo haijawahi kusikia Kenya."

Akachutama, akachora vumbini kwa bisibisi:
setilaiti hapa, na hapa, na hapa, ya nne kule.
"Watu hudhani zinakutazama. Hazina habari nawe.
Kazi yao ni kutaja saa.
Ni saa fulani, niko hapa. Ni saa fulani, niko hapa.
Mawimbi yanashuka, yanachelewa njiani,
kidogo, hata kope hujapepesa,
na gari linapima kuchelewa huko, linakugeuza kilomita.
Ya nne ni ya kusahihisha saa ya gari, maana ni mbovu."

"Kwa hiyo umbali ni kuchelewa?"

"Dada, wewe si mtu wa Nairobi?"

Hakung'oa kitu. Nilimnunulia chai.

Simu yangu ina ramani, sikatai,
lakini Upper Hill mawimbi hudunda kwenye maghorofa ya vioo,
yakafika yamezunguka,
nayo ikaniapia kwamba niko barabara ya pili,
ndani ya ukuta wa benki.
Na abiria naye: "Shukia pale lango la kijani."
Lango lilipakwa bluu mwaka juzi.
Tunalipata hivyo hivyo.

Jumapili nikiosha mikeka,
Nthenya aliingia garini na kalamu ya wino usiofutika.
Alikichorea kile kioo barabara,
ikianzia penye mshale ikipanda juu,
na mwishoni nyumba, dirisha moja, moshi mwingi.
Nilifoka. Nikasugua kwa spiriti. Haikutoka.

Mshale hausogei, unajua; ni ramani inayopita chini yake,
na ramani yenyewe haipo.
Basi niwe Rongai, niwe Kasarani saa nane za usiku,
mvua, wiper moja imekufa,
nyumbani kuko mbele yangu,
sentimita mbili.