Dirisha Namba Mbili, Juliaca

Kwenye ukuta wa chuo wameandika kwa rangi ya bluu:
MASOMO HAPA NI BURE.
Ni kweli. Somo ni bure.
Fomu ndiyo yenye bei, na mhuri, na kitambulisho,
na bima, na kofia ngumu, na elektrodi kilo tano,
na ada ya karakana, ambayo hakuna aliyewahi kunieleza ni ya nini,
nami ndiye ninayeipokea.

Nélida Ccama alifika saa tano na nusu,
vumbi la njia nzima limemganda kwenye nyusi.
Akafungua kitambaa: noti mbili, zilizobaki sarafu,
zinanuka jibini na sufu ya alpaka.
Alihesabu kwa Kikechua, polepole.
Nilihesabu kwa Kihispania, mbiombio.
Tukakutana mahali pamoja:
pungufu, soli kumi na moja.

"Mama atauza kondoo Jumapili."
Dirisha linafungwa leo, saa saba.
Haba na haba, sawa,
lakini kibaba kikipungua punje moja
kompyuta haitoi risiti.

Hakulia. Hakunibembeleza.
Alishika nondo za dirisha zilizo kati yetu,
akapitisha kidole gumba pale zinapoungana.
"Nani kazichomelea?"
"Wanafunzi. Wa mwaka ule nilioajiriwa."
"Walilipa?"
"Wote. Nina nakala za risiti."
"Moto haukuingia ndani," akasema. "Umelamba juu tu.
Mvua za Januari zitaziachanisha."

Nikamuuliza amejifunzia wapi.
Kwa mjomba, anayeunda mikokoteni. Hana cheti.

Akafunga kitambaa, mafundo mawili,
foleni ikasogea.
Kijana wa nyuma yake alikuwa na noti kamili, mpya,
hata hakuzihesabu.
Nikampigia mhuri.

Saa saba nimeshusha pazia.
Soli kumi na moja ni bakuli mbili za supu pale sokoni.
Nilikuwa nazo mfukoni. Niseme nini.
Miaka sita nimekaa nyuma ya nondo hizi
nikidhani ni imara
kwa kuwa hakuna aliyezijaribu.

Nimeweka kidole gumba alipoweka chake.
Upo ufa, mwembamba kama unywele,
na baridi inapita.