Ukufi wa Mchele

Siku ya kwanza jikoni kwa mama mkwe
nilidhani amekosea kipimo.
Alipima mchele wa watu saba,
kisha akachota ukufi mmoja
akautia, si guniani,
bali kwenye debe la biskuti kando ya meko,
debe lililofutika picha, likabaki bati tupu.
Hakufumba macho. Hakusema amina.
Alifunika, akapuliza moto.

Mimi niliolewa na kitabu changu cha nyimbo
na cheti cha darasa la kipaimara, alama tisini na mbili.
Nikamwuliza Hrangchhuani, "Huo wa nani?"
"Wa kanisa. Na ukitoa, usiangalie."
Basi. Akanipa kisu nimenye maboga.

Kila Jumamosi, katika milima hii ya Mizoram,
huja kina mama wawili na kapu mgongoni,
ukanda wa kapu umewabana paji la uso,
wanapanda mteremko ambao hata mbwa huupanda kwa vituo.
Humimina, huhesabu, huandika daftarini:
kwa Hrangchhuani, kufi kumi na nne.
Milo miwili kwa siku, siku saba.
Hesabu haina maneno mengi.

Kisha mianzi ikachanua.
Mgeni angeona maua; sisi tuliona panya.
Walishuka mlimani kama maji yaliyovunja kingo,
shamba la Thanghluna likaisha usiku mmoja,
asubuhi tukakuta mabua yamesimama wima
kama watu waliovuliwa kofia msibani.
Mchele ukawa kitu cha kufungiwa kwa kufuli.
Na yeye, mlo kwa mlo, anachota ukufi wake.

Jioni moja alikwenda kumkesha jirani mwenye homa.
Mwanangu Zoramchhana alikuwa anakwangua sufuria,
sufuria iliyokwishakwanguliwa.
Nikafungua debe.
Sitajitetea kwamba nilichukua kidogo.
Nilichukua kufi nne, nikapika, tukala,
na yeye aliporudi nikampakulia.
Aliutazama ule wali uliozidi.
Akanitazama.
"Leo umepika vizuri," akasema.

Kesho yake sahani yake ilikuwa nusu.
Kesho kutwa, nusu.
Jumamosi kapu lilipofika
daftari likaandikwa: kumi na nne.

Afadhali angenihubiria.
Mahubiri yana mwisho, watu huinuka,
hukung'uta nguo, huenda zao.
Ile nusu sahani haijaondolewa mezani mpaka leo.

Miaka imepita; panya walikwenda walikotoka,
mianzi imeota upya, myembamba, ya kijani kibichi.
Nilikuwa nikingoja imani inijie kwa kishindo,
kama ngoma ya kanisa ukiwa umekaa benchi la mbele.
Wala.
Siku moja nimegombana na mume wangu,
hasira imenijaa hadi masikioni,
nikasikia mfuniko wa debe: kwa!
Nikageuka nione ni nani aliyefunika.
Jikoni nilikuwa peke yangu,
na vidole vyangu vina vumbi la mchele.

Sasa Hrangchhuani huketi karibu na moto,
kiharusi kimemwachia upande mmoja wa mdomo
na mkono unaotetemeka kama jani la mgomba.
Bado hudai zamu yake, angalau mlo wa asubuhi.
Nusu ya ukufi huishia sakafuni,
huinama kuokota, punje kwa punje,
nami nimejifunza kutomsaidia.

Leo binti yangu mdogo kaja na kiganja chake,
kiganja cha kubeba punje ishirini, pengine thelathini.
"Bibi, wangu mdogo. Nao utahesabiwa?"
Bibi akahangaika na ulimi mzito,
tukangoja, chungu kikachemka, kikafurika.
"Usi… angalie."

Mtoto akafumba macho kabisa, akamwaga.
Zikaingia chache. Nyingine zikaruka nje ya debe,
na kuku, ambaye hajawahi kubatizwa,
akazila zote.