Mistari Minne

Nyumba aliyoniachia shangazi
ina kuta za mawe, unene wa mkono mzima.
Zilijengwa kuzuia baridi, mbwamwitu na watoza ushuru;
nani angefikiri zitazuia na mshahara wangu?

Naandaa malipo ya watu mia mbili na saba
wa ghala la samaki wa barafu, kule Zaragoza,
na mwezi wa kwanza aliyeganda ni mimi:
mdomo wazi, jicho moja limefumba,
huku Bwana Urrutia akiita, "Upo? Umetupotea."
Nipo. Jikoni nipo. Nimepanda juu ya meza,
kompyuta nimeiinua kama mtoto anayebatizwa,
na mstari ni mmoja, unakuja, unakwenda,
kama mdaiwa anayechungulia kama mwenye duka yupo.

Valdecierzo tuko kumi na mmoja.
Mnara uko ng'ambo ya mlima, na mlima haujui kupisha.
Nilizunguka kijiji kizima, simu mkononi:
hori la kunyweshea kondoo, mstari mmoja;
chini ya kengele ya kanisa, miwili, na kinyesi cha njiwa;
duka lililofungwa mwaka niliozaliwa, patupu.
Ni Obdulia aliyenielekeza kwa kidevu,
mikono imejaa ndoo na brashi:
"Wajukuu wakija Agosti, wote huenda kule kwa wafu."

Kweli. Ukuta wa kusini, makaburi yamepangwa kama droo.
Mistari minne.
Minne kamili, imesimama wima
mbele ya jina la Eladio Marco Gascón.

Basi nikahamia. Kiti cha kukunja, mwavuli, chupa ya kahawa,
blanketi la farasi miguuni Novemba ilipobisha.
Mgeni siku ya tatu hupewa jembe;
mimi nilipewa ufagio,
nikafagia sindano za misonobari
baina ya mkutano wa saa tatu na wa saa nne.
Ofisini waliuliza ule ukuta wenye maua ni wa hoteli gani.
Nikasema, ni mahali pa utulivu.

Utulivu! Obdulia alikuja kila siku kumsuta marehemu:
kuku anatagia nje, paa linavuja,
umekwenda zako ukaniachia deni la trekta.
Nikajifunza kuzima maiki upesi kuliko kupiga chafya.
Mara moja nilichelewa,
na idara nzima ya fedha ikasikia.
Urrutia, ambaye hacheki, akauliza: trekta gani?

Alhamisi moja akasogea, akifuta mikono kwenye aproni.
"Hicho kidude chako kinafika Uswisi?"
Mwanawe Fermín, fundi wa lifti, Winterthur,
hakuwahi kuuona mlango huu wa baba yake;
siku ya mazishi theluji ilifunga njia.
Nikapiga. Uso ukatokea, mnene, na kofia ya kazi.
Mama hakusalimu. Aliigeuza simu taratibu,
akaielekeza kwenye jiwe, akairudisha nyuma kidogo
kama anayempimia mtu koti,
akasema, "Haya. Semeni."

Mimi nilikuwa na jedwali la saa za ziada.
Nililitazama sana.
Nyuma yangu mwanamume alikuwa akisema,
"Baba, unanisikia?"
swali letu la kila asubuhi, lile lile,
na hapakuwa na wa kumwambia:
ndiyo, tunakusikia, endelea.
Akaendelea.

Machi wakaja na kebo. Kijana alitoboa ukuta wa shangazi
toka asubuhi hadi adhuhuri, akavunja keekee mbili.
Sasa ruta inakonyeza kijani juu ya friji,
Urrutia ananisikia hata nikimeza mate,
na hakuna anayeuliza habari za hoteli.

Alhamisi, saa kumi na moja, bado nabeba kiti.
Obdulia hataki Fermín apigiwe jikoni kwangu;
anasema humo ndani hatajua amtazame nani.
Ananipa simu nibonyeze, kisha ananipa ufagio.
Trekta limeuzwa.
Eladio ameshaambiwa.