Ndevu za Arkadi

Miaka ishirini na sita nilimbandika ndevu,
gundi ikinuka samaki, yeye kafumba macho
akilalamikia goti.
Kisha husimama, na Arkadi hayupo.
Hata mtu wa taa, bingwa wa matusi katika Perm yote,
alivua kofia.

Hakupewa tena mpenzi, mlevi, wala mwizi wa kuku.
"Uso wako una mwenyewe," walimwambia.
Sokoni wauza kabichi walimsukuma mbele ya foleni;
akaona haya, akarudi nyuma.

Mchongaji alipotafuta mkono wa kuonyesha kesho
aliuazima wa Arkadi:
kidole cha shahada kilichopinda,
kilichobanwa na mlango wa treni utotoni.

Mwaka ule winchi ilipoingia uwanjani
tulisimama kwenye theluji, yeye na mimi.
Sanamu iling'oka kama jino bovu.
Watu wakashangilia.
Arkadi akavua glavu,
akautazama mkono wake kitambo,
akautia mfukoni.

"Zoya," akasema, "kesho niletee ndevu nyeupe.
Nataka kuigiza babu tu,
babu aliyepotea njia,
anayeuliza watoto."