Wosia wa Dobi

Kibibi, keti jikoni,
sanduku liweke chini,
mvua i dirishani,
chai yangu ni tayari.

Umelipa kwa miaka,
senti senti ukiweka,
Norwei kwenda kufika
uzione zile hori.

Mimi nilifua shuka
kumi na mbili miaka,
chini, nuru isofika,
meli naijua siri.

Mkononi beba dawa,
masanduku huchelewa,
hata saa tatu huwa,
na wewe una sukari.

Pasi iache nyumbani,
na chetezo cha ubani;
moto ukishika ndani
hapana pa kuhajiri.

Bi Sanura kwa mikogo
alificha jiko dogo;
likatoka kwa mzigo,
akaumbuka dhahiri.

King'ora kitapolia
usiseme, "Nasinzia,"
nenda wanakokwambia,
zoezi si la hiari.

Nawa mno kwa sabuni
kila wendapo mezani;
mgonjwa mmoja ndani
meli nzima huathiri.

Tumbo lilipoingia
shuka elfu nilifua
bila hata kupumua,
isha hadi alfajiri.

Uliza nyama ni gani.
Usirundike sahani,
kitakuwepo jioni
na kesho, ukisubiri.

Taulo usitandike
kitini kisha utoke,
wengine wahangaike;
huo ndio ujeuri.

Kuna usiku wa vazi:
kandambili hapenyezi
mlangoni mchunguzi;
vaa dera la hariri.

Na kibla itakuhama
meli ikipinda nyuma;
sali ulivyosimama,
Mungu haoni dosari.

Simu hali ya ndegeni
iweke ungali pwani,
mnara wa baharini
hunyonya bila habari.

Saa ni ile ya meli,
ya mjini usijali;
kumi ni kumi kamili,
hawangoji mashuhuri.

Bwana na mke, Bergeni,
walikwama gulioni;
wakikimbia gatini
tumeshapita bandari.

Mpishi kasimulia:
mke kiatu kavua,
akawa atutupia,
kikazama kwenye hori!

Bahari ichafukapo
shuka kati, kaa papo,
meli haiyumbi hapo;
tangawizi ni hodari.

Usikwee vyuma vile
kwa picha ya mbele mbele,
maji hayana kelele
yakimeza msafiri.

Watakupa kadi moja,
ni ufunguo, ni hoja,
dukani huna kungoja;
usione utajiri.

Mwishoni huja hesabu
mlangoni, taratibu,
wengi hushikwa na tabu
kwa soda na kwa kamari.

Kijana wa kutandika,
jina jitahidi shika,
noti kwa adabu weka,
mtakie kila heri.

Ana mama, ana wana,
miezi hajawaona;
chini hakuna mchana,
nilipaita kaburi.

Kote huko nimefika,
na weupe nakumbuka
si theluji, ni wa shuka
zilochemshwa vizuri.

Basi panda hadi juu,
vaa koti langu kuu,
baridi si ya nafuu,
simama, tazama hori.

Usipige picha kwanza,
jicho ndilo la kutunza;
ukirudi utaanza
kunipa zote habari.

Kesho nitakuwa pwani
ya Southampton, mvuani,
nguo nyekundu kichwani,
nikupungie kwa heri.

Na shuka zako, Kibibi,
chai, pilau, zabibi
usimwage, ya habibi:
kuna mtu kwenye hari.