Mkalimani

Huko Võru, kusini mwa Estonia,
mwaka theluji ilipofika kimo cha dirisha,
baba yangu Heldur aliuza miti ya tufaha
aliyoachiwa mama na mamake,
kumi na saba, pamoja na udongo wake,
kwa mtu mwenye gari jeupe. Hakumuuliza.
Mama hakupiga kelele. Aliosha sufuria,
akaifuta, akaitundika ukutani,
kisha akamgeukia mbwa:
"Pontu, mwambie huyo mzee supu iko mezani."

Ndivyo ilivyoanza. Miaka kumi na mmoja.

"Pontu, mjibu: mzee hana njaa."
"Pontu, mwambie kuni zimekwisha."
"Pontu, muulize, anadhani kuni hutembea?"
Na Pontu, wa rangi ya chai iliyozidi maziwa,
sikio moja limesimama, moja limelala,
alipeleka uso huku, akaurudisha kule,
kama karani wa mahakama
asiyejua sheria ila anajua nani ana uchungu.
Wahenga walisema mjumbe hauawi.
Huyu wetu alilishwa na pande zote mbili,
akanenepa.

Mimi nilikuwa nimeshahamia Helsinki.
Nikipiga simu Jumapili sikuuliza, hamjambo?
Niliuliza, Pontu hajambo?
Baba akisema, "Pontu hali vizuri siku hizi,"
nilijua nani anabakiza chakula.
Mama akisema, "Pontu hashikwi na usingizi,"
nilijua nani anazunguka nyumba usiku,
na kwa soksi zipi.

Sitaki kumsifu mbwa kwa asichokijua.
Hakujua tufaha, hakujua hati ya mauzo.
Alijua sauti inapokatika mwishoni,
akaenda kuweka kidevu juu ya goti la aliyesema,
si la aliyesemwa.
Na usiku mmoja wa Krismasi, umeme ulipozimika,
niliwasha kiberiti nikaona
mkono wa baba umezama kwenye manyoya,
mkono wa mama umetokea upande wa pili,
vidole vimekutana juu ya uti wa mgongo wa mnyama
na hakuna anayeondoa chake.
Nikaupuliza moto upesi.
Kuna mambo mtoto hapaswi kuwakuta nayo wazazi.

Mwezi wa tatu walimpeleka kwa daktari wa mifugo,
msichana aitwaye Kertu, mikono mikavu kwa sabuni.
Alipiga makofi nyuma ya kichwa cha Pontu.
Akaangusha bakuli la chuma sakafuni.
Pontu aliendelea kutazama dirisha.
"Huyu hasikii kitu," alisema.
"Labda mwaka wa pili huu. Hamkugundua?"

Mwaka wa pili.
Hesabu mwenyewe: kila supu, kila kuni,
kila "mwambie", kila "mjibu",
viliingia katika masikio ya nani?

Walirudi bila neno, kilomita ishirini na mbili,
mbwa kiti cha nyuma akitia ukungu kioo.
Getini baba alizima injini,
akabaki ameng'ang'ania usukani.
"Pontu," akasema, "mwambie..."
Akanyamaza.
"Sema," mama akasema. "Mimi masikio ninayo."

Usidhani walikumbatiana.
Waligombana. Walianzia pale pale getini,
mti mmoja baada ya mwingine, kwa mwaka wa kupandwa,
kwa utamu, kwa tawi lililovunjwa na radi,
ugomvi uliohifadhiwa kwenye baridi
miaka kumi na mmoja, haukuoza hata kidogo.
Jumapili nilipopiga sikupata hata nafasi ya kuuliza.
Simu iliwekwa mezani, karibu na mkate,
nikawasikiliza wakipandishiana sauti
juu ya bei ya tufaha,
na chini kabisa ya sauti zao, taratibu,
mkoromo wa aliyestaafu.