Soksi za Jumatatu

Upele humwota asiye na kucha,
husema Bi Somoe wa dirisha la pili
kila amwonapo mama na kopo la marhamu.
Si upele, mama humjibu, ni ukurutu.
Na huyu wetu kucha anazo:
mimi ndiye nizikataye kila Alhamisi,
kidole kwa kidole, naye kageuza uso ukutani.

Usiku Famau anakuna.
Kwaru, kwaru, nyuma ya goti,
kwaru, kwenye kisugudi,
kama panya ndani ya gunia la mchele.
Twalala kitanda kimoja, chandarua kimoja.
Mama kanifunza kumshika mikono bila kumwamsha.
Namvika soksi zangu za shule viganjani,
nafunga kwa uzi wa buluu.
Jumatatu nazivaa hivyo hivyo,
zanuka marhamu, zina matone ya damu kwenye ncha,
na mwalimu huuliza: viatu vinakubana?
Nasema ndiyo.

Paka wangu kapelekwa Shela.
Alikwenda kikapuni, sikio moja nje.
Daktari alisema manyoya. Kisha akasema mayai.
Kisha sabuni, kisha blanketi, kisha vumbi.
Vumbi! Langoni hapa, kuta zamwaga chokaa
ukikohoa tu.
Baba alipiga deki hadi ngazi za jirani.
Udi hatufukizi tena, hata Idi;
mama hufukiza nguo zake kwa shangazi,
akirudi husimama kwanza kichochoroni
upepo umpunguze.

Harusini mwanamke alimwondoa bintiye ubavuni mwa Famau,
taratibu, kama mtu asogezaye sahani.
Mama aliendelea kula. Nililiona tonge
limekaa shavuni mwake, halishuki.

Nimewahi kumchukia. Acha niliseme.
Usiku mmoja, kesho yake mtihani,
nilimpiga kofi la mkono.
Akafumbua macho, akasema, "Dada, samahani,"
kana kwamba ngozi yake ni kelele
aliyoipiga kusudi.

Likizo nikapelekwa Malindi kwa mjomba.
Kitanda kizima changu. Shuka jipya. Kimya.
Mjomba akasema, leo utalala kama gogo.
Saa nane za usiku nilikuwa macho,
nakuna godoro kwa ukucha mmoja,
kwaru, kwaru, polepole,
mpaka usingizi ukanijia.